Upitishaji ujumbe katika kerneli

Upitishaji ujumbe ni njia inayoiwezesha michakato ya kompyuta, isiyoruhusiwa kuingiliana kumbukumbu, kupashana habari kupitia kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Ujumbe ukiwa wa kusubiri, mtumaji husimamishwa mpaka mwenzake apokee au ajibu. Usipokuwa wa kusubiri, mtumaji huukabidhi kwa kerneli na kuendelea na kazi yake.

Namna zote mbili si ngeni Burungu, mashariki mwa Kongo, wala kwingine Masisi na Walikale: fonii, yaani redio ya mawasiliano, hudai waendeshaji wawili wawe hewani kwa wakati mmoja, ilhali SMS hutunzwa kwenye mitambo ya mtandao mpaka simu ya mpokeaji iwashwe.

Kutosubiri kuna gharama yake, na ni rahisi kuisahau. Mtumaji anayesubiri hulipa kwa muda. Asiposubiri, kerneli hulipa kwa kumbukumbu, maana ujumbe lazima unakiliwe na kuwekwa foleni. Foleni ikijaa, hakuna ujanja: mtumaji asimamishwe, arudishiwe kosa, au ujumbe utupwe.

Katika RC 4000, kompyuta ya Denmark ambayo Per Brinch Hansen aliiundia kiini mwaka 1969, kutuma hakukumzuia mtumaji. Kilichomzuia ni kungoja jibu. Mach, kerneli iliyoanza katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mwaka 1985, iliegemea foleni. Mwaka 1993 Jochen Liedtke wa Ujerumani alionyesha kwamba watumaji wakisubiri, data yaweza kupita moja kwa moja hadi kwa mpokeaji, kwa kasi kubwa mno kuliko Mach.

Simu za Android hutumia Binder, iliyomo ndani ya kerneli ya Linux. Programu ikiiuliza huduma ya mfumo mahali simu ilipo, uzi uliouliza, yaani mfuatano mmoja wa utekelezaji ndani ya programu, husimama hadi jibu lirudi. Ukiwa ndio uzi wa skrini, na mguso ukakaa sekunde 5 bila kushughulikiwa, mtumiaji huambiwa kwamba programu haijibu. Binder ina pia wito wa upande mmoja, usiongoja jibu. Kila mchakato hutengewa bafa, yaani nafasi ya kumbukumbu ya kupokelea ujumbe, ya takriban MB 1, na wito wa aina hiyo hauruhusiwi kuzidi nusu yake, usije ukaziba njia ya wale wanaosubiri.

Hatari ya kusubiri ni mkwamo: A anamtumia B, B naye anamtumia A, na hakuna anayepokea. Katika MINIX 3, mfumo endeshi wa Andrew Tanenbaum, kabla ya kumsimamisha mtumaji, kerneli hufuata mnyororo wa wanaosubiriana. Ukirudi kwake mwenyewe, humrudishia kosa.