Insha Isiyo na Mwenyewe
Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi. Sekondari na vyuo vikuu vikabaki na Kiingereza. Mwaka 1984, utafiti wa Criper na Dodd ulionesha kuwa chini ya asilimia 20 ya wanafunzi wa chuo kikuu waliopimwa ndio waliosoma kwa urahisi hata vitabu vyepesi vya masomo yao.

Leo mwanafunzi wa Tengeru au Usa River, chini ya Mlima Meru, husahihishiwa sarufi na programu. Lakini swali “Hoja yako ni ipi, na ushahidi uko wapi?” humhitaji mwalimu aliyeketi naye, rasimu ikiwa mezani. Tukinunua programu na kupunguza walimu, tutavuna insha safi zisizo na mwenyewe.