Kioo Kinachovunjika Bila Kuanguka

Leo tuache tarakilishi kidogo, tuzungumzie kitu ambacho kila abiria wa matatu amekiona: kioo cha mbele kilichopigwa jiwe. Kimejaa nyufa kama utando wa buibui, lakini hakijaanguka, na dereva bado yuko barabarani. Kioo cha dirisha la kando kikipigwa vivyo hivyo, humwagika kama chumvi ya mawe. Kwa nini?

Kioo cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyogandishwa pamoja kwa utando wa plastiki. Ni kama cheti unachopeleka saiba kiwekwe laminesheni, ila hapa plastiki iko ndani na vioo viko nje.

Hadithi yake inaanzia Ufaransa. Inasimuliwa kwamba mwaka 1903 msanii na mkemia Édouard Bénédictus aliangusha chupa ya maabara. Chupa ikapasuka, lakini vipande vikabaki vimeshikana. Ndani yake selulosi naitreti ilikuwa imekauka na kuacha ngozi nyembamba. Baadaye aliposikia habari za watu kukatwa na vioo katika ajali za magari, akaikumbuka chupa ile. Mwaka 1909 akaandikisha hataza ya kioo alichokiita Triplex.

Watengenezaji wa magari hawakukikimbilia, maana kilikuwa ghali. Kilipata kazi kwanza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kwenye miwani ya barakoa za kujikinga na gesi ya sumu. Ford Model A iliyozinduliwa Desemba 1927 ndiyo iliyokipeleka kwa watu wengi.

Kama programu yoyote, toleo la kwanza lilikuwa na kasoro. Utando wa seluloidi uligeuka manjano juani. Ukafuata wa selulosi asetati, kisha mwishoni mwa miaka ya 1930 ukaja wa polivinili butirali, yaani PVB, ambao bado unatumika leo. Marekani iliongeza unene wake kwenye vioo vya mbele kutoka milimita 0.38 hadi 0.76 katika magari ya mwaka 1966, ili kichwa cha abiria kisipenye kioo kwa urahisi.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa wanaoipenda. Kioo kilipoingia kwenye majengo, wahandisi walijiuliza: vioo viwili vya milimita 6 vilivyogandishwa ni sawa na kimoja cha milimita 12? Ugumu wa kioo dhidi ya kupinda hufuata kipeo cha tatu cha unene. 12 × 12 × 12 ni 1,728. Vioo viwili vinavyoteleza kila kimoja kivyake ni 216 + 216, yaani 432. Tofauti ni mara nne! Chukua daftari ulipinde: kurasa zinateleza na linakunjika kirahisi. Zigandishe kwa gundi kurasa zote, utaona kazi yake.

Kwa hiyo kila kitu kinategemea utando wa katikati, na PVB ina tabia mbili. Upepo mkali wa sekunde chache ukiipiga, inakaza na vioo vinafanya kazi karibu kama kimoja. Mzigo ukikaa muda mrefu, au joto likipanda, inalegea na kuacha vioo viteleze. J. A. Hooper alionyesha jambo hilo kuhusu mizigo ya muda mrefu mwaka 1973. Utafiti wa Texas Tech uliochapishwa 1985 ukaonyesha kwamba kwa mzigo wa muda mfupi katika joto la kawaida, kioo hiki hukaribia kabisa kile kizima cha unene huohuo, lakini kwenye nyuzi 77 za Selsiasi huelekea kuwa vioo viwili tu. Mhandisi asiyeuliza "mzigo gani, kwa muda gani, katika joto gani?" amekosea kabla hajaanza.

Kwa nini hili linatuhusu? Kumbukeni Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, hapa Nairobi. Kabla ya bomu kubwa kulipuka kwenye ubalozi wa Marekani, kulisikika kishindo na milio ya risasi. Watu katika majengo ya karibu wakakimbilia madirishani kuchungulia. Kisha likaja lile kubwa. Watu 213 walikufa na maelfu wakajeruhiwa. Wengi waliumizwa na vioo vilivyoruka, na wapo waliopoteza macho yao.

Kioo cha matabaka hakizuii bomu. Hupasuka kama kingine, lakini vipande hubaki kwenye utando, nao utando hunyumbuka ukimeza sehemu ya nguvu. Tena fremu lazima ikishike barabara, la sivyo kioo kizima kitang'oka na kuingia chumbani.

Sisi waandishi wa programu tunajua kila mfumo utaanguka siku moja. Cha kupanga mapema ni utamwangukia nani. Kwa hiyo ukinunua mlango wa kioo au kizuizi cha ngazi, usiulize unene peke yake. Angalia ukingo kama una mstari wa utando katikati, kisha muulize fundi: kikivunjika, vipande vitakwenda wapi?