Jumapili ya Kulipa Usingizi

Kambi ya Dzaleka iko wilaya ya Dowa, Malawi, kilomita 40 na kitu kutoka Lilongwe. Umbali huo ndio ulioamua tunavyolala, nami fundi cherehani kutoka Fizi, Kongo, naujua vizuri, maana nimeishi hapa tangu 2009.

Kabla yetu walilala hapa wafungwa wa siasa. Rais Kamuzu Banda aliwafungia Dzaleka watu aliowaona wapinzani wake, wengine bila hata kufikishwa mahakamani. Mwaka 1994 utawala wake ulikoma, na mwaka huohuo gereza likageuzwa kambi ya wakimbizi. Ilipangiwa watu kama 10,000 hivi. Leo tumepita 50,000, wengi wetu Wakongo, pamoja na Warundi na Wanyarwanda.

Malawi iliridhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1987, ila iliweka masharti yake kuhusu haki ya kufanya kazi na ya kwenda utakako. Basi kwa sheria mkimbizi alikaa kambini, na kwa tumbo akaenda Lilongwe. Kwa miaka mingi serikali ilivumilia: wengine walifungua maduka mjini wakahamia hukohuko, na tuliobaki tukawa watu wa kwenda na kurudi.

Mama muuza nyanya aliamka saa tisa usiku. Alichota maji kwanza, maana kukipambazuka foleni ya kisimani haina mwisho, akawawekea watoto uji, kisha akashika njia gizani kwenda kungoja minibasi. Jioni alirudi kupika na kufua. Kwetu mafundi usiku mgumu ulikuwa wa Jumamosi, kwa kuwa kila mteja anaitaka nguo yake kabla ya ibada. Nilishona kwa taa ya sola mpaka ikafifia, nikamalizia pindo kwa mkono, huku nyimbo za mkesha wa maombi zikipenya kwenye bati.

Ndivyo Jumapili mchana ilivyopata desturi yake katika safu yetu ya nyumba. Watu wakishatoka kanisani, ugali na sombe vikishaliwa, vitenge vinashushwa milangoni. Watoto wanapelekwa kwa bibi mmoja anayekaa kivulini na ungo wake wa maharage. Ukija kuulizia gauni lako, anakuzuia kwa upole: "Mwanangu, fundi analipa usingizi. Rudi saa kumi na moja." Na watu walirudi saa kumi na moja bila kununa, kwa sababu nao walikuwa na usingizi wao wa kulipa.

Desturi hiyo ilitusitiri, nami naiheshimu. Lakini deni lenyewe haliishi hivyo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walichapisha matokeo ya vijana walionyimwa usingizi siku za kazi, kisha wakaachwa walale watakavyo wikendi. Waliporudia usiku mfupi, miili yao ilishindwa kuitumia sukari vizuri, na walikula zaidi baada ya chakula cha jioni. Niliposikia hayo niliitambua Jumatatu yetu, kichwa kizito na hasira za karibu.

Kisha mambo yakabadilika. Mwaka 2021 serikali iliamuru wakimbizi wote warudi Dzaleka, na Mei 2023 askari wakaitekeleza amri: maduka ya Lilongwe yakafungwa, wenyewe wakakamatwa na kuletwa kambini, wengine pamoja na watoto. Tangu hapo jirani zangu kadhaa hawaamki tena saa tisa kuwahi gari. Wanaamka saa ileile kwa mawazo ya mtaji uliopotea, na mchana wanasinzia kwa kukosa shughuli. Hao Jumapili haiwasaidii kitu.

Mimi sasa sipokei kitambaa cha Jumapili baada ya Alhamisi, na Jumamosi nalala saa nne kama siku nyingine. Nawasihi mafundi wenzangu wafanye hivyo. Ila mama muuza nyanya hawezi kujipangia hivyo, kwa kuwa sheria ndiyo inayomtenga na soko lake. Wanaotuletea vyandarua na dawa nawashukuru kwa dhati, na ninawaomba waiombe serikali jambo moja zaidi: mkimbizi aruhusiwe kuishi karibu na kazi yake. Hapo ndipo afya yetu inapoanzia.