Ngoma, kichekesho na siasa: kwa nini vinapanda jukwaa moja

Ukiwa Kerende unajua mkutano upo kabla hujaambiwa. Gari la matangazo linapita likitokea upande wa Nyamongo, spika juu ya paa, wimbo kwanza, tangazo baadaye. Akina mama wanauliza nani anakuja. Vijana wao wanauliza nani anapiga. Hivi karibuni msikilizaji wetu mmoja alipiga simu studio akauliza: mbona mwanasiasa haji peke yake, lazima aje na mwanamuziki na mchekeshaji? Dakika tatu za hewani hazikutosha kumjibu, ndiyo maana tumeandika hapa.

Tuanze na litungu, maana ndilo letu. Kwa asiyelijua, ni ala ya nyuzi nane, sanduku la mbao lililowambwa ngozi, na mpigaji hupiga akiwa amekaa. Tangu zamani mpigaji wa litungu hakuitwa shereheni kuburudisha tu. Anataja watu kwa majina. Anamsifu mwenye mji, anamtania bahili, anamchokoza kijana anayejisifu kwa ng'ombe asiokuwa nao. Maneno yale yale akiyasema jirani ni ugomvi. Akiyaimba yeye, aliyesemwa anacheka na kuinuka kumtunza. Kwa hiyo muziki, utani na kusemana juu ya mambo ya kijiji vilikuwa kitu kimoja kabla hatujawa na vyama. Leo litungu hilo hilo liko kwenye memori kadi ya simu yako, lakini kazi yake haijabadilika sana.

Wanasiasa waliliona hilo mapema. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, CCM ilianzisha kundi la sanaa la Tanzania One Theatre, TOT, chini ya Kapteni John Komba. Kundi lilikuwa na kwaya, ngoma, maigizo na taarabu, na ndiko alikong'ara Khadija Kopa. Komba mwenyewe alikuja kuwa mbunge wa Mbinga Magharibi hadi alipofariki mwaka 2015. Vyama vingine navyo vina nyimbo zao, na hakuna kampeni siku hizi isiyo na msanii.

Wengine hawakuhitaji kukodi mchekeshaji. Mwalimu Nyerere, mzee wetu wa Butiama, alikuwa anachekesha mwenyewe. Sikiliza hotuba yake ya Mei Mosi mwaka 1995 pale Mbeya. Anazungumzia rushwa na ukabila, mambo mazito kabisa, na umati unaangua kicheko. Lakini kicheko kile hakikuwa cha kupumzisha watu ili wasahau. Kilikuwa kinawafanya wakumbuke.

Redioni vichekesho ni vya zamani pia. Wazee wanakumbuka Pwagu na Pwaguzi wa Redio Tanzania Dar es Salaam, na baadaye kwenye runinga wakaja vijana wa Ze Comedy, akina Joti, Mpoki na Masanja, walioweza kuigiza hata sauti za viongozi.

Sasa tufike penye ugumu. Nani anaruhusiwa kusema nini?

Remmy Ongala, mzaliwa wa Congo aliyeishi na kufia Dar es Salaam, alitunga "Mambo kwa Soksi" kuhusu kondomu wakati UKIMWI ulipokuwa unaua watu na wengi wanaona aibu kuutaja. Redio ya taifa haikuupiga. Watu waliusikia kwenye madansi, ukumbini, bendi ikipiga mbele yao. Muziki wa jukwaani una faida hiyo: hausubiri mtu wa studio auchague. Na sisi wa studio tukiri kwamba safari ile waliokosea ni wa kazi yetu.

Mfano wa pili ni wa juzi tu. Machi 2017 Ney wa Mitego alitoa "Wapo", wimbo wa kuuliza maswali kuhusu uongozi. Tarehe 26 alikamatwa Morogoro, na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, likaufungia wimbo. Kesho yake Waziri Harrison Mwakyembe, aliyekuwa na siku chache tu wizarani, akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda, msanii aachiwe na wimbo upigwe. Wengi walishangilia. Sisi tulifurahi pia, ila tulibaki na swali: wimbo ulifungwa kwa neno la ofisi na kufunguliwa kwa neno la mkubwa. Je, asingeupenda? Miaka mitatu baadaye, Mei 2020, mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa baada ya kusambaza video yake akiicheka picha ya zamani ya Rais huyo huyo.

Kwa hiyo tunapowaambia wasanii wa huku wapime maneno, si kwamba tunawaogopesha. BASATA ipo kwa sheria ya mwaka 1984, mtandaoni kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na anayesambaza kwenye kundi la WhatsApp naye anaweza kuulizwa, si aliyetunga peke yake.

Upande wako mtazamaji kuna jambo la kujua pia. Kucheza ngoma ya mgombea si kosa, na hakukufungi kumpa kura. Kupewa pombe, nyama au hela ili umpigie kura ni jambo jingine. Mwaka 2000 sheria ilikubali "takrima", ikaitwa ukarimu wa jadi. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ikafuata mwaka 2010. Ukiona mtu anagawa, TAKUKURU wanapatikana kwa namba 113, bure.

Na letu tuliseme. Mwaka mmoja wa uchaguzi mtangazaji wetu alialikwa kusherehesha mkutano wa chama kimoja. Tuliona ni kazi kama harusi. Alichekesha, watu wakafurahi, akalipwa. Jumatatu simu zikaanza: "Mura, kumbe nyie ni wa kule?" Ilichukua miezi watu kuacha kutuuliza hivyo kila tunaposoma habari ya siasa. Tangu hapo hakuna mtangazaji wetu anayeshika kipaza sauti cha mkutano wa chama, hata rafiki akiomba. Litungu tutaendelea kulipiga asubuhi na jioni. Wimbo ukitaja jina la mgombea, tunauweka pembeni hadi kura zihesabiwe, na mpigaji tunamweleza sababu kabla hajatuuliza.