Umbo Tupu na Macho ya Mtoto

Wanachuo wengi niliowafunza ualimu waliamini kwamba picha ya kumfaa mtoto ni ile yenye kila kitu: ukucha, unyoya, hata kivuli. Wakishindwa kuichora hivyo, walikata tamaa. Historia ya elimu inatuambia vingine.

Mwaka 1837 Friedrich Fröbel alianzisha huko Blankenburg, Ujerumani, kituo cha watoto wadogo ambacho mwaka 1840 alikiita bustani ya watoto. Zana zake zilikuwa chache: mipira ya nyuzi, tufe, mchemraba na mcheduara wa mti. Mtoto mwenyewe ndiye aliyezigeuza kuwa nyumba au gari.

Mwaka 1922, mjini Berlin, msanii El Lissitzky kutoka Urusi alichapisha hadithi ya miraba miwili, mmoja mwekundu na mwingine mweusi. Inaruka kutoka mbali hadi duniani, inakuta vurugu, na mwisho wekundu unatawala ujenzi mpya. Aliyeyajua mapinduzi ya 1917 hakuhitaji kuelezwa wekundu ule ni wa nani.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo penye uzito. Umbo rahisi ni chungu kitupu. Mtoto anaweza kukijaza, lakini mtu mzima naye anaweza kumtangulia.

Leo Lionni, mzaliwa wa Amsterdam, aliishi Italia hadi sheria za kibaguzi za 1938 zilipotungwa. Mwaka 1939 akahamia Marekani. Huko, siku moja, akiwa katika treni na wajukuu wawili waliokosa utulivu, alichana vipande vya rangi kutoka gazeti la Life akawatungia hadithi. Ikawa kitabu mwaka 1959. Bluu na Njano ni marafiki. Wanakumbatiana, wanageuka kijani, na wazazi wao hawawatambui. Wanalia hadi wanakuwa machozi matupu, ya bluu na ya njano. Vipande vile havina macho wala mdomo, lakini mtoto anaiona huzuni yao.

Lionni naye alikuwa na la kufundisha. Tofauti ni kwamba katika kitabu chake hakuna rangi inayoshinda, na mtoto anabakiwa na la kuuliza.

Basi mwalimu asiye na rangi wala fedha asijione maskini. Achane karatasi, aiweke mbele ya watoto, aulize, "Hiki ni nini?" Kisha, na hili ndilo gumu kwetu walimu, anyamaze asikilize.