Vumbi ya mbao: historia fupi kwa sisi tunaofungua atelye nyumbani



Mwaka jana sisi watatu, mmoja wa uchumi, mmoja wa ualimu, na mimi wa agronomia, tulichoka kungojea kazi. Wenzetu wengi walikwisha kwenda Salamabila kutafuta zahabu. Sisi tuliweka pamoja dola 600 ili tufungue atelye ndogo ya useremala hapa Kabambare, kwenye parsele ya baba yangu mudogo, ambaye ni seremala tangu ujana wake. Tulipata msumeno wa umeme, randa ya umeme na jenereta ndogo, vyote vya okazyo. Kisha ikabaki swali moja lililotugawanya: vumbi tutaipeleka wapi?

Mwenzetu wa uchumi alikuwa ameona kwenye simu mashini ya kunyonya vumbi, yenye mfuko wa kitambaa juu na mwingine chini. Bei yake, pamoja na usafiri mpaka huku kwetu, ingekula karibu nusu ya pesa yetu. Mwenzetu wa ualimu alisema tufunge tu kitambaa puani, basi. Mimi niliomba wanipe muda kidogo. Nilitaka kujua kwanza hiyo mashini ilizaliwa wapi na juu ya shida gani, sababu shuleni tulifundishwa kwamba haupandi mbegu ya watu bila kuuliza udongo wake ni wa namna gani. Haya ndiyo niliyoyapata.

1. Zamani kazi ilikuwa inje

Useremala si kitu kipya kwetu. Daktari Sidney Hinde, Muingereza aliyefuatana na jeshi la Dhanis lilipoteka Kasongo mwezi wa 4 mwaka 1893, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1897. Ndani yake anashangaa utajiri wa mji ule wa Tippu Tip na mwanawe Sefu, pale tunapoita leo Tongoni. Anasema hata askari wa kawaida walilala kwenye vitanda vya kuchongwa. Wakati ule hakukuwa na mashini ya umeme huku. Mbao zilipasuliwa kwa mikono, gogo juu ya jukwaa, mtu mmoja anavuta msumeno juu na mwingine chini. Yule wa chini alikula unga wa mbao machoni na kinywani, lakini upepo ulipita, na msumeno wa mkono unatoa unga mkubwa unaoanguka chini haraka.

Nilimuuliza baba mudogo:

– Baba mudogo, zamani mulikuwa munafanyia kazi wapi?

– Mutoto wangu, tulikuwa inje, chini ya ule mwembe. Rabo ya mukono inatosha maranda, haitoshe moshi. Ukichoka, unafagia, mama anapeleka maranda kwa moto. Vumbi gani? Upepo ilikuwa inabeba.

– Na sasa juu ya nini munafungia ndani?

– Vita. Walinibebea vyombo mara mbili. Kisha pale nikajenga nyumba ya matofali, mulango moja, kufuli.

Jibu hilo lilinisimamisha. Tunajua sote yaliyopita hapa kwetu kuanzia mwaka 1996, na wazee wetu wanakumbuka pia waasi wa Simba wa mwaka 1964. Kila vita ilifundisha mafundi kuficha vyombo. Na wakati vita ilipopungua, vikaanza kufika vyombo vya umeme vya bei ndogo, vikipanda pikipiki kutoka Bukavu, Uvira na Kalemie. Kwa hiyo vitu viwili viligongana: chumba kikafungwa kwa sababu ya wezi, na ndani yake ikaingia mashini inayotoa vumbi nyembamba kuliko msumeno wowote wa mkono. Baba mudogo sasa anakohoa kila asubuhi. Anasema ni baridi. Mimi si munganga, lakini niliona ukuta wa chumba chake: ile vumbi imeshika kwenye matofali mpaka juu kwenye mabati.

2. Pua za mafundi wa High Wycombe

Tangu mwaka 1700 Muitalia Bernardino Ramazzini, katika kitabu chake juu ya magonjwa ya wafanyakazi, aliwaambia waganga waongeze swali moja kwa mgonjwa: unafanya kazi gani? Kwa mbao, swali hilo lilizaa matunda miaka zaidi ya 260 baadaye, huko Uingereza. Mji wa High Wycombe, karibu na London, ulijulikana kwa kutengeneza viti. Pale alikuwa munganga mwanamke wa pua na masikio, Esmé Hadfield. Aliona kansa ya ndani ya pua, ugonjwa wa nadra sana, inarudia rudia kwa watu wa kazi moja: mafundi wa viti na meza. Mwaka 1968 yeye na wenzake, Acheson, Cowdell na Macbeth, walitoa matokeo yao katika jarida la waganga la Uingereza. Mafundi wa mbao walikuwa wanaupata ugonjwa huo mara nyingi sana kuliko watu wengine.

Sehemu inayotuhusu sisi vijana ni hii: kati ya siku fundi alipoanza kazi na siku ugonjwa ulipoonekana, mara nyingi ilipita miaka kama 40. Ndiyo maana hakuna aliyeogopa. Mtu anaanza na miaka 20, anaoa, anajenga, anasomesha watoto, na ile vumbi inamungojea uzeeni. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lililo Lyon, Ufaransa, liliandika vumbi ya mbao kwenye orodha ya vitu ambavyo ni hakika vinaleta kansa kwa mtu. Umoja wa Ulaya zamani ulikubali miligramu 5 za vumbi ya mbao ngumu katika kila mita kubo ya hewa ya kazini. Tangu mwezi wa 1 mwaka 2023 ni miligramu 2 tu.

Na mbao ngumu ndizo zetu. Mvule, ule wafanyabiashara wanaita iroko ao kambala, unajulikana kwa kuwasha ngozi na kuleta pumu kwa watu wengine wanaoukata. Hapo hata miaka 40 haingojewi, wiki chache zinatosha.

3. Mashini iliyozaliwa kwenye unga

Sasa turudi kwenye mashini ya kunyonya. Hapa nilifurahi, sababu nilikuta jambo la shamba.

Waliopigana vita na vumbi kwa nguvu hawakuwa maseremala tu, walikuwa pia wasagaji wa unga. Tarehe 2 mwezi wa 5 mwaka 1878, kinu kikubwa cha ngano kiitwacho Washburn A, mjini Minneapolis, Marekani, kililipuka na kuua watu 18. Si baruti iliyolipuka, ni vumbi ya unga hewani iliyokutana na moto. Vumbi nyembamba ya mbao inaweza kufanya vilevile, ndiyo maana jenereta na sigara havina nafasi ndani ya atelye. Mwaka 1885 Mmarekani John M. Finch alipata hati ya uvumbuzi kwa chombo cha kukusanya vumbi ambacho leo kinaitwa siklone.

Siklone ni nini? Kila mmoja wetu ameiona. Kwenye mashini nyingi za kusaga muhogo na mahindi kuna lile pipa la bati, pana juu na jembamba chini, linalosimama pembeni. Hewa yenye unga inaingia kwa ubavu, inazunguka kama kimbunga. Unga mzito unasukumwa kwenye ukuta wa bati, unateleza chini mpaka kwenye mfuko. Hewa inatokea juu, katikati. Hakuna kitambaa cha kuziba wala kitu cha kubadilisha. Maseremala wa Ulaya na Marekani waliichukua kutoka kwa wasagaji. Na sisi tulikuwa tunataka kuinunua kwa simu, wakati fundi anayechomelea bati za mashini za kusaga yuko Kasongo.

Lakini siklone iko na mpaka wake. Inaangusha maranda na unga mkubwa. Ile vumbi nyembamba kabisa, chini ya sehemu 10 za elfu ya milimita, nyingi inatoka juu pamoja na hewa. Na hiyo ndiyo inayofika ndani ya mapafu. Mashini ya mifuko ya kitambaa iko na shida ileile, tena mbaya zaidi: kama kitambaa ni cha nyuzi za mbali mbali, mfuko unashika maranda, halafu unapuliza vumbi nyembamba chumbani tena. Atelye inaonekana safi kwa macho, kumbe hewa imechafuka kuliko mwanzo.

4. Filtri ni mtoto wa baridi

Basi kwa nini wazungu hawatupi hiyo hewa inje? Hapo ndipo nilipopata jibu la ugomvi wetu. Kwao kuna miezi ya baridi kali. Mtu analipa pesa kupasha chumba joto. Akitupa hewa inje, anatupa joto yake pamoja nayo. Kwa hiyo analazimika kurudisha hewa ileile ndani, na ili airudishe lazima ainunulie filtri nzuri ya bei kali, kisha aisafishe na kuibadilisha. Filtri ile ni mtoto wa baridi yao.

Kabambare hakuna baridi ya namna hiyo. Hewa yetu ya inje ni bure na ya ndani ni bure. Tukinunua mashini yao, tunalipia pia baridi ambayo hatuna.

5. Tulichochagua

Kwanza, ukuta. Tulibomoa sehemu ya juu ya ukuta upande upepo unatoka na upande unakwenda, tukaweka vyuma vya antivoli. Mwizi hapiti, upepo unapita. Baba mudogo alikataa wiki mbili, kisha akakubali alipoona unene wa vyuma.

Pili, siklone. Fundi wa mashini za kusaga alitutengenezea kwa bati, pamoja na feni inayozungushwa na mota ndogo. Bomba la sentimita 10 linahitaji hewa ikimbie karibu mita 20 kwa sekunde ili maranda yasikwame njiani, ni kusema mita kubo kama 565 kwa saa. Kwa hiyo tulifanya bomba fupi, lenye kona moja tu, na linanyonya mashini moja kwa wakati mmoja. Hewa inatokea inje, nyuma ya parsele, mbali na mlango wa jirani na mbali na jiko. Jenereta yetu haiwezi kuwasha mota mbili kwa pamoja: tunawasha feni kwanza, inapokuwa imezunguka vizuri ndipo msumeno.

Tatu, msasa, ile tunaita papie veri. Hapa hakuna bomba linalosaidia sana, na ndipo vumbi nyembamba iko nyingi. Msasa wote unafanyiwa chini ya ule mwembe wa zamani, mgongo kwa upepo, na kashene ya FFP2. Kitambaa cha kawaida ao kashene ya hospitali inayoacha nafasi kwenye mashavu haisimamishi vumbi hiyo.

Nne, hatufagii kavu tena. Tunamwagia maji kidogo kwanza. Unga wa mbao tunachanganya na mavi ya mbuzi na tunaacha uoze vizuri. Musiutie shambani ukiwa mubichi, sababu vidudu vinavyouozesha vitakula azoti ambayo mahindi yenu yalikuwa yanangojea.

Yote haya yalikula karibu robo ya pesa yetu, nusu ya bei ya ile mashini ya simu. Je, inafaa? Hatuna chombo cha kupima miligramu. Tuko na tundu la musumari kwenye bati la nyumba. Saa nne ya asubuhi mwanga wa jua unapita pale kama kamba. Zamani, hata saa moja baada ya kuzima msumeno, kamba hiyo ilikuwa bado nyeupe ya vumbi inayoelea. Sasa, kabla ya dakika kumi, karibu haionekane. Si sayansi kamili, ninajua. Lakini jaribuni kwenu.

Baba mudogo bado anakohoa, na tumemuomba aende kwa munganga na amwambie wazi kazi yake ni gani, bila kungojea aulizwe. Sisi watatu tuko na miaka 27, 28 na 29. Ongezeni 40 juu yake, mutaona ni kwa nini tuligombana wiki tatu nzima juu ya bomba la bati.

Mwenye atelye Kasongo, Kibombo ao Kindu akitaka vipimo vya siklone yetu, aniandikie, nitamutumia muchoro. Na mwenye njia nzuri kuliko yetu kwa ile vumbi ya msasa, tafazali aiweke hapa chini. Hapo bado hatujashinda.