CYT-18

CYT-18 ni kimeng'enya cha mitokondria za kuvu *Neurospora crassa* chenye kazi mbili. Kwanza, huunganisha asidi amino ya tirosini na tRNA yake, hatua ya lazima katika utengenezaji wa protini. Pili, husaidia kuondoa introni za kundi la I, ikiwemo ile ya RNA kubwa ya ribosomu: huishikilia introni katika umbo linaloiwezesha kujikata. Kazi hii ilielezwa na Akins na Lambowitz mwaka 1987. Jeni ya CYT-18 imo katika kiini cha seli. CYT-18 hushirikiana na CYT-19, protini inayotumia ATP kukunjua RNA iliyojikunja vibaya. Ni mfano muhimu wa kimeng'enya kilichopata kazi mpya katika mageuko.